Naomba ushauri: plaiwudi ya kutengenezea kidau cha tanga
Wakuu habari zenu. Niko Kigamboni, natengeneza uani kidau cha futi 10, cha tanga na makasia. Plaiwudi ya milimita 6 unatoboa kingo zake, unazishona kwa waya wa shaba, kisha unaziba maungio kwa epoksi (gundi ngumu ya kuchanganya) na kitambaa cha faiba. Fundi wa ngalawa hapa mtaani ananicheka, eti nashona kanzu.

Shida ni mbao zenyewe. Nikiulizia marine bodi (plaiwudi ya kuhimili maji) naletewa zile nyeusi za kumwagia zege. Nilichemsha kipande saa nzima kwenye sufuria kupima gundi yake (mama watoto hajanisamehe), kikafumuka matabaka kama chapati.

Je, plaiwudi ya kawaida nikiipaka epoksi pande zote, hadi kingoni, itahimili maji chumvi? Aliyewahi kujaribu anijuze, waya nimeshanunua.