Naombeni ushauri: tulale Seronera au Lamadi?

Wakuu habari za jioni. Tupo Nyegezi, Mwanza. Shule zikifungwa tunataka kuwapeleka watoto Serengeti siku mbili, tukiingilia geti la Ndabaka. Tuko sita: mimi na mke wangu, watoto watatu (mdogo ana miaka 4) na mama mkwe, ambaye magoti yanamsumbua.

Tumekwama kwenye malazi. Mke wangu anataka tulale ndani, Seronera, kwenye mabanda ya hifadhi, ili alfajiri tuwe tayari kwenye simba. Mimi naona Lamadi, nje ya hifadhi karibu na geti, kuna gesti za bei ya kawaida, ziwa liko jirani, sangara wa kukaanga wapo, na kwa mama mkwe choo cha ndani ni lazima. Ila kutoka Ndabaka hadi Seronera ni mwendo mrefu wa vumbi, na kwenda na kurudi siku mbili mfululizo na mtoto wa miaka 4, mh!

Nimeshapiga simu gesti mbili za Lamadi, nafasi zipo. Jamaa yangu mmoja anasema nje ni nafuu, mwingine anasema mafuta yatakula hiyo nafuu yote.

Waliowahi kwenda na familia: tukitoka jioni kulala Lamadi, asubuhi tunalipa kiingilio upya au kile cha jana kinaendelea? Na mabanda ya Seronera yana choo cha ndani, au ni cha kushirikiana?

(Gari ni Noah. Msinicheke.)