Tupeane uzoefu: nati na bolti za kufunga shafti, wewe uliweka zipi?

Gia ya Tano: Wakuu, nimeshusha propela, shafti ndefu ya kupeleka nguvu nyuma, kubadilisha krosi, kiungo chake kinachopinda. Upande wa difu, sanduku la gia la ekseli, kuna bolti nne, na nati zake ni zile zenye nailoni ndani. Zimetoka zikizunguka kwa vidole tu, ukaidi umeisha, hazing'ang'anii uzi tena. Nimeshika spring washa, zile pete za chuma zilizokatwa na kupinda, mkononi nasita. Semeni mlichoweka na kilichowapata, si mlichosikia.

MzeeSpana: Rudisha hizo washa koponi. Mimi niliziamini miaka mingi. Nikafunga propela kwa nati za kawaida na spring washa, baada ya wiki chache nikaanza kusikia "tak!" kila nikiachia klachi. Kuingia chini, bolti mbili zinacheza, ya tatu haipo! Washa zilizobaki zimelala bapa kama sarafu. Ukishakaza inavyotakiwa, ile springi haina kazi tena. Mhandisi Mjerumani, Junker, alionyesha mwaka 1969 kwamba nati hulegea hasa flanji, yaani bapa mbili zinazofungwa pamoja, zikisukumwa kwa ubavu hadi zikateleza. Kinachozuia ni bolti kuvutika sawasawa na kuzibana zisiteleze. Nati inayobana yenyewe inakusaidia isidondoke, lakini haifanyi kazi ya mkazo.

Bi Grisi: Mimi nati sikukosea, nilikosea bolti, na nasema kwa aibu. Nilipenda zile zisizoshika kutu, zinang'aa. Kichwani zimeandikwa A2-70, ndiyo daraja la nguvu. Za gari zilikuwa 10.9. Nikakaza kwa toki renchi, spana inayopima mkazo, inazunguka, inazunguka, haifiki. Kumbe bolti inarefuka! Hiyo 70 ni megapaskali 700 kabla ya kukatika, 10.9 ni 1,000. Na nati nayo ina daraja: bolti ya 10.9 inataka nati ya 10.

Fundi wa Usiku: Angalieni na uzi. Bolti ya M10, yaani unene wa milimita 10, ipo ya hatua ya uzi 1.5 na ipo ya 1.25, kwa macho ni pacha. Ikiingia mizunguko miwili ikakwama, usiilazimishe. Mimi nililazimisha.

Bi Grisi: Na urefu. Ile sehemu laini isiyo na uzi ndiyo ikae kwenye tundu la flanji, si uzi.

Tairi Moja: Yangu ni shafti ya mbele, nati kubwa ya habu, kitovu cha gurudumu, ile inayogongwa ukingo uingie kwenye mfereji. Nikairudisha ileile, nikagonga palepale palipokwishachoka. Beringi ikaanza kulia. Kwenye habu za namna hiyo nati ndiyo inayoibana beringi, ikilegea kidogo tu umekwisha. Siku hizi natia mpya kila nikifungua. Nati ya kufungwa kwa pini nayo, tundu lisipolingana kaza kidogo zaidi, usilegeze.

MzeeSpana: Wa gundi ya kushikiza uzi mko wapi? Ya bluu inafunguka kwa spana, nyekundu utaitafutia moto. Ila safisha grisi kwanza, la sivyo umepaka rangi.

Gia ya Tano: Asanteni sana. Nimechukua bolti 10.9 zenye urefu uleule na nati mpya za chuma tupu zinazobana zenyewe, maana bomba la moshi linapita karibu na nailoni haipendi kuzidi nyuzijoto 120. Kesho napandisha.

Fundi wa Usiku: Safi. Flanji zirudi kwenye alama zilezile ulizopiga kabla ya kufungua, usije ukapata mtetemo.

Gia ya Tano: Alama zipi mkuu?