Kibali cha kupiga fataki mkesha wa mwaka mpya Arusha, naanzia ofisi gani?

Kijana wa Sakina:
Wakuu habari zenu, naombeni msaada kwa mwenye uzoefu. Sisi ni vijana wa huku Sakina, tumechangishana na wenye maduka ya mtaani tufanye mkesha wa wazi, watu waje na familia zao bure kabisa, muziki kidogo alafu saa sita kamili usiku tupige fataki kama dakika kumi hivi basi watu warudi makwao. Uwanja tunaoufikiria ni Sheikh Amri Abeid maana upo katikati na kila mtu anaujua. Shida ni kibali. Ofisi ya kwanza nimeambiwa hiyo siyo kazi yetu nenda kule, kule nikaambiwa rudi na barua, nimezunguka wiki nzima na nauli yenyewe inatoka mfukoni kwangu. Fataki tumeshalipia maboksi manne, yapo kwangu chumbani. Nataka kufanya kihalali, sitaki mtu aumie wala kikundi kiingie kwenye matatizo. Kibali chenyewe anatoa nani?

Mama Njiro:
Pole mdogo wangu. Unazungushwa kwasababu unaomba kibali kimoja wakati mambo yako ni matatu: uwanja, mkusanyiko wa watu, na fataki zenyewe. Uwanja ule ni wa CCM, kwahiyo ruhusa ya kuutumia unaomba kwao sio jiji. Mkusanyiko unaanzia chini, mwenyekiti wa mtaa na mtendaji wa kata wakugongee muhuri barua yako, ndio unaipeleka kwa mkurugenzi wa jiji, mara nyingi itashukia kwa afisa utamaduni. Polisi ni taarifa ya maandishi kwa OCD, yaani mkuu wa polisi wa wilaya, sheria inasema isipungue saa 48 kabla, ila usithubutu kusubiri hizo 48 mwezi wa kumi na mbili, peleka wiki tatu kabla. Unajua kila ikikaribia mwaka mpya polisi mikoani wanatangaza marufuku ya kuchoma matairi na kupiga fataki bila kibali, sasa ukienda dakika ya mwisho unaonekana ni wale wale. Kwenye barua andika saa ya kuanza na ya kumaliza, idadi ya watu, na jina na namba ya simu ya mtu mmoja anayewajibika. Na nakala ubaki nayo yenye muhuri wa kupokelewa, hiyo ndio inakuokoa wakisema hawajaiona.

Mzee wa Utambi:
Nimefanya kazi ya baruti Mirerani miaka mingi, ngoja niongezee hapo kwenye fataki zenyewe. Fataki ni baruti, ipo chini ya Sheria ya Baruti ya 1963, na baruti nchi hii inasimamiwa na Wizara ya Madini kupitia Tume ya Madini. Watu wengi hawalijui hili wanabaki kugonga milango ya jiji. Nenda ofisi ya Afisa Madini Mkazi hapo hapo Arusha, jiandae kujibu umenunua kwa nani, zinakaa wapi, na nani atawasha utambi.

Sasa chalii wangu hayo maboksi chumbani hapana. Leo leo mpigie aliyekuuzia aje ayachukue mwenyewe na gari, na akuonyeshe leseni yake, usiyapakie kwenye bodaboda. Mpaka aje usiwashe jiko humo ndani, hata la gesi, na usilale humo.

Na uwanja ule sikushauri. Zile fataki za duara kama mpira zinazorushwa kwa bomba, Marekani wanapima futi 70 za nafasi kwa kila inchi moja ya upana wa bomba, kwahiyo ya inchi 3 inataka mita 64 pande zote na ya inchi 4 ni mita 85. Simama katikati ya uwanja wa mpira, mpaka chaki ya pembeni hata uwanja uwe mpana namna gani haifiki mita 46, na watu wako jukwaani hapo nyuma. Alafu ukutani tu kuna stendi, mabasi yamejaa mafuta na wasafiri wamelala na mizigo yao, cheche ikipeperushwa na upepo inaangukia wapi?

Binti Meru:
Msikilizeni mzee jamani. Mimi nilikuwepo kwenye mkesha mmoja, uwanja siutaji, walipanga mirija juu ya meza ya plastiki. Wa kwanza ulivyoruka ile meza ikatikisika ikalala, yaliyobaki yakaja kwetu usawa wa kiuno. Mtoto aliyekuwa mbele yangu sweta lake la sufi lilishika moto mgongoni, mama yake akamvingirisha kwenye kanga pale chini kwenye nyasi. Alipona ila makovu anayo. Mirija inafukiwa kwenye mchanga, sio meza, sio tofali mbili. Na hakikisheni gari la zimamoto lipo pale pale kabla hamjawasha, sio kupiga 114 baadae.

Kijana wa Sakina:
Asanteni sana, sikujua kabisa habari ya Tume ya Madini. Nimeshampigia muuzaji, leseni ananizungusha, anasema atakuja kesho asubuhi kuchukua, leo nalala kwa braza. Tumeongea na wenzangu tuombe viwanja vya Nane Nane kule Themi, pana nafasi. Mwenzetu mmoja alipendekeza Kisongo ila naona ni karibu na uwanja wa ndege. Mzee swali moja, ikitokea imegoma kulipuka tunafanyaje?

Mzee wa Utambi:
Hapo umefikiria vizuri. Asiye na leseni usimlipe hata shilingi tena, dai hela yako. Ikigoma hakuna anayesogea wala kuchungulia kwenye bomba, utambi unaweza kuwa unaungua taratibu ndani. Subirini nusu saa, alafu yule yule mwashaji, peke yake, anamwagia maji ndoo nzima akiwa pembeni, kichwa kisiwe juu ya mdomo wa bomba. Na asubuhi mapema kabla watoto hawajafika mkague uwanja mzima mara mbili, maana watoto wanaokota.