Kikundi cha Ukoo: Uzao wa Babu, Marangu

Baba Mdogo Tanga: Habari za jioni ukoo. Kama tulivyokubaliana kule msibani, Desemba hii tukutane wote nyumbani siku moja. Siyo kila mtu anapanda Kilimanjaro kivyake, anachinja mbuzi wake, anahesabiwa, anashuka. Naomba majina ya kamati: mwenyekiti, katibu, mweka hazina na wajumbe.

Binamu Kimara: Naunga mkono hoja 🙌🙌

Dada Mwanza: Naunga mkono

Kaka Dodoma: Wazo zuri sana Baba Mdogo. Mimi niwekeni mshauri.

Binamu Kimara: Na mimi mshauri 😂

Baba Mdogo Tanga: Washauri wametosha. Natafuta mweka hazina.

Baba Mdogo Tanga: Mbona kimya? Tiki za buluu naziona.

Shangazi Himo: 🙏🌹 BWANA AKUFUNGULIE MILANGO SABA WIKI HII. USIIKATE BARAKA HII, TUMA KWA WATU 10 🌹🙏

Dada Mwanza: Amina shangazi. Ila hapa tunachagua kamati.

Shangazi Himo: Haya nasoma. Nilikuwa jikoni.

Dada Mwanza: Kabla ya mweka hazina, tumalize habari ya paa la bibi. Tulichanga, paa limeezekwa, tunashukuru. Hesabu hatujaziona.

Kaka Dodoma: Hesabu zipo kwenye daftari.

Dada Mwanza: Daftari liko wapi kaka?

Kaka Dodoma: _Ujumbe huu umefutwa_

Dada Mwanza: Basi safari hii tufungue M-Koba. Kila mtu anaona kilichoingia, na pesa haitoki mpaka viongozi waidhinishe. Hata mwenye kitochi anachangia.

Binamu Houston: Jamani ndiyo naamka. Mimi nagharamia fulana zenye picha ya Babu! Tuchague rangi

Binamu Kimara: Bluu bahari!!

Baba Mdogo Tanga: Fulana baadaye. Majina.

Shangazi Himo: 🎤 Sauti (4:12)

Binamu Kimara: Niko kwenye daladala, mtu aniandikie shangazi kasema nini

Dada Mwanza: Kwa kifupi: anauliza hii ni kamati ya ukoo au ya nyumba moja. Waliojitaja wote ni wa nyumba kubwa. Babu alikuwa na nyumba mbili, na wale wa nyumba ya pili hata kwenye kikundi hawamo. Halafu Baba Mkubwa alitoka humu tangu ule ugomvi wa mpaka wa kihamba, ile migomba ya upande wa mfereji, na hakuna aliyemfuata. Anasema ndafu mnaweza kuchoma hata tatu, mzaliwa wa kwanza asipokuwepo nani ataikata?

Dada Mwanza: Dakika mbili za mwisho anafokea kuku.

Baba Mdogo Tanga: Dada Himo umesema kweli. Baba Mkubwa nimempigia mara nyingi, hapokei.

Shangazi Himo: Simu ataacha kupokea. Isale, jani letu la kuombea msamaha, hataikataa.

Binamu Kimara: 🌿

Shangazi Himo: Toa hilo jani lako. Isale haitumwi kwa simu. Anakwenda mtu mzima, kwa miguu yake, asubuhi.

Baba Mdogo Tanga: Nitapanda Ijumaa nilale kwako, Jumamosi twende wote.

Shangazi Himo: Njoo. Usije na gari la kuazima tu, atafikiri umekuja kujionyesha.

Kaka Dodoma: 😂😂😂

Baba Mdogo Tanga: Basi nafasi ya mwenyekiti ibaki wazi mpaka turudi. Katibu awe Dada Mwanza, maana anaandika kuliko sisi wote.

_Baba Mdogo Tanga amemwongeza Mama Mdogo Njia Panda_

Baba Mdogo Tanga: Karibu sana mke wetu. Tunaomba utushikie hazina, na utupe namba za vijana wa nyumba yenu.

Mama Mdogo Njia Panda: Ahsanteni. Nimekaribishwa na kupewa kazi siku hiyohiyo 😅 Nakubali, ila mimi sipokei hela ya "nitatuma kesho". Na kila nyumba ilete idadi ya watu wake, watoto na wakwe ndani. Kiwango tutakipanga tukishajua tuko wangapi, siyo kabla.

Shangazi Himo: Idadi niipate mapema. Mbege siyo soda, ulezi lazima uoteshwe, ukaushwe, usagwe, na ndizi zivunwe zikae ziive. Mtori na kisusio niachieni na wakwe zangu.

Dada Mwanza: Tarehe? Ile wiki ya Krismasi kuna ubatizo na harusi kila kona. Napendekeza 28.

Mama Mdogo Njia Panda: 28 nzuri.

Binamu Kimara: Wa Dar tukate tiketi mapema basi. Mwaka jana nilisafiri na ndoo ya mtu miguuni kutoka Mbezi mpaka Himo, halafu nikamalizia kwenye Noah nikiwa nimepakatwa

Kaka Dodoma: 28 sawa. Daftari nalitafuta.

Mama Mdogo Njia Panda: Daftari gani?

Dada Mwanza: Nakuja inbox mama 🤐

Baba Mdogo Tanga: Kikao kwa simu Jumapili saa 2 usiku, nitakuwa na majibu ya Baba Mkubwa.

Binamu Houston: Saa 2 ya wapi?