Natafuta safari ya tofauti kuanzia Tanga, wanyama na mila, mwezi wa sita

MamaWaChumbageni
Habarini ndugu zangu. Mie naishi hapahapa Tanga mjini, likizo ya mwezi wa sita wadogo zangu wanakuja kutoka Dodoma na hawajawahi kuiona pwani vizuri, na mie nina watoto, mkubwa yuko la sita mdogo la tatu. Sasa kila nikiuliza watu wananiambia Nungwi au Serengeti, Nungwi tushaenda tukakaa ufukweni tukapiga picha tukarudi, Serengeti hela hatuna. Nataka safari ambayo watoto watarudi wakiwa wamejua kitu, wanyama wawepo lakini sio lazima simba, na nataka na mambo ya watu, mila, historia, yaani sio kuzungushwa na gari tu. Tuna kama wiki hivi. Halafu mdogo wangu wa kiume ana pasipoti mpya anaililia muhuri kwelikweli, kama kuna pa kuvuka mpaka bila gharama kubwa naomba mniambie. Asanteni.

NahodhaWaPangani
Dada karibu Pangani, na ukija usije na kalenda tu, angalia na mwezi. Nisikilize vizuri maana watu wengi wanakosea hapa. Kisiwa cha Maziwe maji yakijaa kinafunikwa chote, hakuna mti hata mmoja sasa, zamani kulikuwa na mivinje wazee wanaikumbuka, ikaisha yote miaka ya mwisho ya 70 kuelekea 80. Ukipiga hesabu ya bamvua, yaani mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji yanakupwa kwenye saa nne saa tano asubuhi na mchanga wote unatoka nje, hapo ndio unashuka na watoto mnatembea, mnaogelea pembeni kwenye matumbawe mnaona samaki wa kila rangi. Ukija maji mafu mchanga hautoki kama siku za bamvua, mnabaki na kipande kidogo na muda mfupi. Na mwezi wa sita ni kusi, upepo unaanza kuvuma kadiri jua linavyopanda, kwaiyo ondokeni mapema sana na kila mtoto avae jaketi la kuokolea, ukiambiwa hayapo usipande boti hiyo hata kama nauli ni nusu.

Ila mie mwenyewe kitu ninachokipenda kuliko vyote ni kasa. Maziwe imehifadhiwa tangu 1975 na ilikuwa sehemu kubwa sana ya kasa kutagia, sasa kisiwa kikawa kinafunikwa na maji basi mayai yanaoza. Vijana wa huku wanayachukua yale mayai wanayahamishia ufukwe wa Ushongo, wanafukia upya na kuandika tarehe. Yanakaa kama miezi miwili mchangani, kwaiyo wanajua kiota kipi kinakaribia. Ukipiga simu kabla wakakwambia kuna kiota wiki hiyo, panga safari yako yote kuzunguka siku hiyo, wala usijiulize mara mbili. Vitoto vinatoka vinakimbilia baharini vyenyewe, marufuku kuvishika, marufuku kumulika tochi maana vinafuata mwanga. Na waambie wanao hivi, mchanga ukiwa wa moto sana wanazaliwa majike matupu, ukiwa wa baridi madume. Mwanangu wa kike alivyosikia hiyo akawa kila siku anaenda kushika mchanga na kiganja.

Ushongo iko ng'ambo ya mto, mnavuka na pantoni kwenda Bweni halafu bodaboda au bajaji.

MwalimuMstaafu_Raskazone
Mwanangu, nahodha amesema kweli lakini usipite Tongoni kama unapita kituo cha daladala, iko njiani hapohapo unapokwenda Pangani, hata kilomita ishirini haifiki kutoka mjini. Kuna msikiti wa kale na makaburi zaidi ya arobaini, mengine yalikuwa na nguzo ndefu juu yake, nyingi zimeanguka. Vasco da Gama alipita maji haya 1498, na aliporudi 1499 mabaharia wake walikuwa wamepungua kwa maradhi hata akaichoma merikebu yake moja, São Rafael, hapa kwetu. Sasa mie ninachokuomba, watoto usiwaanzishie na huyo Mreno. Waanzishie na waliolala pale, kwamba palikuwa na mji, watu wakijenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa, wakiswali, wakifanya biashara, kabla hajafika mtu yeyote kutoka Ulaya. Muombeni mlinzi awatembeze, na wadada wajistiri maana ni makaburi na wenyeji bado wanapaheshimu.

Pangani penyewe ndipo Wajerumani walipomnyonga Abushiri bin Salim, Desemba 1889, baada ya kuongoza mapambano ya pwani nzima. Watoto wa Dodoma wamesoma jina lake kitabuni, wakisimama kando ya mto ule wataelewa vingine kabisa.

Na Amboni, kilomita kama nane kutoka mjini njia ya Horohoro, nendeni asubuhi na viatu vya kufunga. Mle ndani kuna sehemu watu wanaweka sadaka mpaka leo, mtaona vitambaa, chupa za marashi, sarafu. Msiguse. Kama hamuamini nyie, aliyeweka anaamini.

KijanaWaMuheza
Mbona mnaisahau Amani jamani yaani hapo ndio kwenye wanyama ambao hawapo sehemu nyingine duniani, dada panda gari mpaka Muheza halafu utafute noah za kupanda Amani, barabara ina kona na mwezi wa sita kule juu ni baridi beba masweta usifikirie joto la Tanga, ukifika geti la Zigi waambie watoto kwamba maji ya bombani Tanga mjini yanatoka mto huu huu, unashuka mpaka bwawa la Mabayani, kwaiyo msitu ukikatwa huku nyie huko chini ndoo zinakuwa tupu. Usiku chukueni mtu wa kuwaongoza na tochi mtafute vinyonga, wanalala kwenye ncha za matawi ukiwamulika wanaonekana weupe, kuna mwenye pembe tatu kama ana silaha usoni, watoto hawatalala siku hiyo. Mchana kuna ndege wengi na kuna lile ua dogo la zambarau ambalo Wazungu wanaliweka kwenye vyungu madirishani dunia nzima, Saintpaulia, asili yake ni milima hii, mkuu wa wilaya wa Kijerumani aliyekuwa Tanga ndio alilipeleka kwao 1892 na likapewa jina lake wakati wenyeji walikuwa wanapishana nalo kwenye miamba kila siku. Hiyo inaniuma kwakweli. Na miti ya bustani ile ilianza kupandwa 1902, imetoka kila bara.

Lala hata siku mbili. Ukienda na kurudi siku hiyohiyo umeona barabara tu.

MamaWaChumbageni
Mungu awabariki. Mwalimu umenigusa na hayo ya Tongoni, napita pale kila mwaka sijawahi kusimama. Sasa vipi Saadani, kuna mtu ananiambia tembo wanaoga baharini? Na huo mpaka je?

NahodhaWaPangani
Saadani ni hifadhi nzuri na ndio hifadhi ya taifa pekee ya Tanzania bara iliyopakana na bahari, lakini ukienda kwa ajili ya tembo kuoga baharini utarudi umenuna, hiyo ni bahati ya nadra sana. Utaona twiga, nyati, swala, ngiri, viboko na mamba mto Wami. Kiingilio kwa Mtanzania sio kikubwa, gharama iko kwenye gari. Na familia yako ya wiki moja mie ningechagua kasa na Amani, Saadani muiwekee safari yake.

Digo_wa_Moa
Kuhusu muhuri wa kijana. Horohoro mnavuka Lunga Lunga upande wa Kenya, watu wazima pasipoti, beba na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, na watoto uliza uhamiaji mapema kabla hujafunga begi. Mkishavuka sisi Wadigo tuko pande zote mbili, lugha ile ile, wali wa nazi ule ule, utaona hujatoka nyumbani. Nendeni Shimoni muingie lile pango walimofungiwa watu waliouzwa utumwani, halafu mvuke kisiwa cha Wasini, kinamama wa pale wamejenga daraja la mbao juu ya bustani ya matumbawe na mikoko, kiingilio kinabaki kwao wenyewe. Pomboo wako maji ya Kisite, hifadhi ya bahari karibu na hapo.

Mkiwa na siku ya ziada mfike Kaya Kinondo, karibu na Diani. Ni msitu wa wazee wetu, misitu ya kaya, yaani makazi ya kale, za Mijikenda (makabila tisa ya pwani, sisi Wadigo tumo) iliingia urithi wa dunia 2008. Unafungwa kitambaa cheusi kiunoni kabla ya kuingia, huokoti jani wala jiwe, huli hovyo, na mzee anakueleza mti gani dawa ya nini. Mie nimezaliwa na mambo haya lakini kila nikiingia mle nanyamaza.

MpembaHalisi
Na mie niseme, Pemba mnatuacha kwa nini? Kidike kuna popo wakubwa ambao hawapo popote ila Pemba, walikaribia kuisha, wanakijiji wakaamua kuwalinda wenyewe sasa mtu huwahesabu hawaishi. Ila mwezi wa sita bahari ya kusi ni nzito na boti kutoka Tanga hazitoki kila siku, kama watoto wanatapika basi subirini kaskazi, mje na mchezo wa ng'ombe mtauona inshallah.

MamaWaChumbageni
Basi Pemba mwezi wa kumi na mbili. Nahodha, kama kiota kitaangukia siku ambayo tuko Amani tufanyeje?

NahodhaWaPangani
Piga simu Ushongo kwanza kabla hujalipia kitu Amani. Msitu utawasubiri, kasa hawasubiri. Wakikupa siku, njooni usiku mmoja kabla, maana wakati mwingine wanatoka mapema, na Amani muipeleke mwisho wa wiki.