Mjadala: Utunzi wa hadithi hufundishwa, au mtunzi huzaliwa?

MWANZISHA MADA

Wakuu, kila zinapotangazwa tuzo za uandishi, iwe ile ya Mwalimu Nyerere hapa Tanzania au ya Safal kwa kazi za Kiswahili, naisikia kauli moja: uandishi ni kipaji, ukikosa umekosa. Naipinga, kwa sababu inazipa shule zetu ruhusa ya kukaa pembeni.

Angalieni tunavyomlea mwanafunzi. Anafika kidato cha nne akiwa amechambua dhamira, wahusika, mandhari na matumizi ya lugha katika kazi za watu wengine mpaka majibu yamemkaa kichwani. Hadithi yake mwenyewe je? Aliandika insha, ikarudi na wino mwekundu kwenye tahajia na alama pale juu, akafunga daftari. Hakuna aliyemwambia kwamba yule mjomba aliyeingia aya ya kwanza hakuonekana tena. Hakuna aliyemwambia aiandike upya.

Kenya nako, mtihani wa kumaliza sekondari, KCSE, unampa mtahiniwa saa moja na dakika 45 aandike insha mbili, kila moja isipungue maneno 400. Nafasi ya kufuta na kuanza tena ataipata wapi? Matokeo yake watoto wanaingia chumba cha mtihani na mafungu ya maneno waliyokariri. Mtu amerauka alfajiri na mapema, amepiga mswaki, amestaftahi, ndege wanaimba matawini, na kisa bado hakijaanza.

Wanaosema mtunzi huzaliwa hupenda kumtaja Shaaban Robert. Haya, tumtaje. Alikuwa karani wa serikali, na barua alizomwandikia mdogo wake Yusuf Ulenge zinaanzia 1931 hadi 1958. Huyo ni mtu ambaye mkono wake haukupata likizo. Muhammed Said Abdulla naye, kabla riwaya yake ya kwanza ya mpelelezi Bwana Msa haijashinda shindano la utunzi la Afrika Mashariki la 1957/58, alikuwa mwandishi wa habari Zanzibar, kazi ambayo mtu huandika kila siku apende asipende, na maneno yake hupitiwa na jicho la mwingine.

Ninachodai ni hiki: kipindi cha utunzi shuleni kiwe cha kuandika, kusomwa na mtu wa kukupa mwongozo, na kuandika tena, na alama zitolewe kwa rasimu ya pili.

MWALIMU, MOROGORO

Mkuu, nimekusoma na sina ugomvi na nia yako. Ila njoo darasani kwangu. Mkondo mmoja una wanafunzi zaidi ya 70, nami nina mikondo mitatu. Nikikusanya rasimu ya kwanza nikaisoma unavyotaka, muhula umeisha. Ya pili nitaisoma lini, na nani atafundisha sarufi?

Pili, kipaji kipo, tusidanganyane. Kuna mtoto ukimpa mada ileile, saa ileile, anakuletea kitu kinachokufanya usimame dirishani usome. Mwenzake aliyeketi naye dawati moja hana hata sentensi ya kushika. Wote nimewafundisha mimi. Bibi zetu walitamba hadithi mpaka watoto wakalia machozi, na hakuna aliyewapa kozi.

MSOMAJI, MOMBASA

Mwalimu, kwa heshima, hilo la bibi naona linamsaidia mwanzisha mada. Bibi alisikiliza mabibi zake usiku baada ya usiku kabla hajaachiwa mkeka. Na alipotamba, alisahihishwa palepale: akisema "Paukwa" na "Pakawa" ikaitikiwa kivivu, alijua wasikizaji wamechoka, akafupisha, akaleta zimwi mapema. Mwongozo ulikuwa mbele yake, umekaa chini, umekunja miguu.

Tena huku kwetu pwani ushairi haujawahi kuachiwa kipaji peke yake. Mwanagenzi hupeleka tungo zake kwa malenga. Malenga huhesabu mizani, nane na nane, akasema hapa una tisa, hapa kina cha kati kimekukimbia, nenda karudi. Kisha kuna kujibizana. Muyaka alitunga akijibu na kujibiwa hapa Mvita, na washairi wa magazetini waliendeleza mtindo huo: ukitoa shairi bovu, mwenzako anakujibu hadharani kwa beti. Nathari haina malenga wa kumkabili mwanagenzi. Mwandishi wa hadithi anaandika peke yake, anachapisha peke yake, na akisifiwa hajui amesifiwa kwa lipi.

MWANDISHI WA SIMULIZI, MWANZA

Nachangia kama mtu anayeishi kwa kazi hii. Nauza simulizi kwa vipande kwenye makundi ya WhatsApp. Kila jioni lazima sehemu itoke, la sivyo wateja wananipigia. Kwa hiyo suala la mazoezi sina shida nalo hata kidogo.

Nalotaka kuwaambia ni kwamba mazoezi bila mtu wa kukukosoa yanakomaza mkono pamoja na makosa yake. Msomaji wangu anaandika "tamu sana, lete sehemu ya tano". Hawezi kuniambia kwamba sehemu ya nne yote ni watu wawili wanasalimiana. Na sehemu ikiisha kwa kishindo, atalipia inayofuata hata kama katikati ni maji matupu. Soko linafundisha kumaliza sehemu, halifundishi kumaliza hadithi.

Lakini mwanzisha mada, usiseme tu mwongozo. Useme mwongozo wa nani. Niliwahi kumwonyesha mtu msomi sura yenye konda wa daladala. Konda anapiga bati, anasema: "Sogea nyuma kule, brazameni, hujakodi gari hili!" Nikarudishiwa imeandikwa: "Abiria, tafadhali sogeeni nyuma, gari hili si la kukodi." Kiswahili sanifu kabisa, na konda amekufa. Mwongozo wa namna hiyo bora mtu abaki na kipaji chake kibichi.

MWANZISHA MADA

Dada wa Mwanza umenisaidia, nakubali kwa moyo mweupe. Msahihishaji wa lugha na msomaji wa hadithi ni watu wawili. Wa kwanza anauliza kama umeandika sawasawa. Wa pili anauliza: huyu anataka nini, na kwa nini nisome ukurasa unaofuata?

Mwalimu wa Morogoro, sikuombi usome rasimu 200. Chukua aya moja ya mwanafunzi mmoja, bila jina, iandike ubaoni. Mfano:

"Mama alihuzunika sana kwa sababu ya umaskini uliokuwa umekithiri nyumbani kwetu. Aliamua kuuza cherehani yake ili nipate ada."

Uliza darasa: mmeiona hiyo huzuni? Wataanza kuuliza wenyewe. Cherehani ilikaa wapi? Nani aliinunua? Mama alisema nini? Kisha mwenyewe aiandike tena:

"Mnunuzi alipofika, mama alikuwa bado anaifuta vumbi. Alimwonyesha namna ya kuurudisha mkanda ukichomoka, akarudia mara ya pili, mnunuzi akasema ameelewa. Mama akamwonyesha tena."

Neno "huzuni" limeondoka na huzuni imebaki. Kipindi kimoja, aya moja, na wote zaidi ya 70 wameshuhudia rasimu ikigeuka. Wiki inayofuata kila mmoja anairudia aya yake mwenyewe, wanasomeana wawili wawili, wewe unapita katikati. Yule mwenye kipaji atakwenda mbali kuliko wenzake, sibishi. Lakini huyo mwenzake wa dawati naye atakuwa na sentensi ya kushika.

Na ukiniuliza kipindi hicho kitoke wapi, kitoke kwenye uhakiki. Aliyeandika hadithi tatu za kwake na kuzirudia atahakiki riwaya vizuri zaidi.

MWALIMU, MOROGORO

Hiyo ya aya moja ubaoni naweza. Nitaifanya. Ila la kupunguza uhakiki hapo sikubaliani nawe, na sababu si uvivu. Maswali ya fasihi ndiyo yanayombeba mtoto kwenye Kiswahili. Ikitokea wamefeli, mzazi akaja ofisini, siwezi kumwambia mwanao sasa anajua kumwandika mama na cherehani. Wanaotunga mtihani waanze wao. Waseme kuanzia mwaka fulani mwanafunzi atawasilisha hadithi pamoja na rasimu zake, zihesabiwe kwenye alama za mwisho. Siku waraka huo ukifika shuleni, nitakuwa wa kwanza kufuta ratiba ya zamani. Kabla ya hapo unanitaka nimwambie nini huyo mzazi?