Siku moja Dar na Kosta ya kulala: mjini kwa miguu, visiwani, au Mwenge na Coco?

Mama Kosta

Habari zenu wanajukwaa. Mimi na mwenzangu tumestaafu mwaka huu. Watu wote walitushauri tufuge kuku wa mayai. Sisi tukang'oa viti kwenye basi dogo la zamani, Kosta, fundi wa Makambako akatuwekea kitanda, kabati na meza ya kukunja. Tuna mtungi mdogo wa gesi na tenki la maji la lita 100. Tumeshalala Iringa, leo tuko Mikumi. Ijumaa jioni tunaingia Dar, Jumamosi ni ya kutembea, Jumapili alfajiri tunaelekea Bagamoyo, halafu Tanga na Lushoto.

Sasa ugomvi uko hapa. Mimi nataka mjini: makumbusho, makanisa ya Mjerumani, Sanamu ya Askari. Mara ya mwisho nilikuja Dar kwenye harusi mwaka 1994 na sikutoka ukumbini. Mzee wangu anataka visiwani, Bongoyo au Mbudya. Amekulia Mbamba Bay, anajua maji ya ziwa tu, anasema anataka aone kama maji ya chumvi yanabeba mtu kweli. Binti yetu, ili kutupatanisha, ametupangia Kijiji cha Makumbusho chenye nyumba za jadi, vinyago vya Mwenge, na jioni mihogo ya ufukwe wa Coco. Siku ni moja. Na Kosta tuiache wapi? Nawasilisha.

kaka_Bunju

Mbudya bila kufikiri mara mbili. Mnafika Kunduchi, boti muda mfupi mko kisiwani, samaki wa kuchoma chini ya kibanda cha makuti, mchanga mweupe. Bongoyo boti zake zinatokea Slipway kule Msasani na safari ni ndefu kidogo. Visiwa vyote viwili ni hifadhi ya bahari tangu 1975, kwa hiyo kuna kiingilio cha hifadhi mbali na nauli ya boti. Beba kitambulisho, Mtanzania halipi sawa na mgeni. Majengo hata Iringa yapo, mama.

Shangazi Upanga

Kaka Bunju, huu ni mwezi wa saba. Upepo wa kusi unavuma. Asubuhi bahari inaweza kuwa shwari, mchana mnarudi mmelowa mpaka kwenye pochi. Mimi kwenye boti ya Bongoyo nilisoma dua zote ninazozijua na nyingine nikatunga. Kama mngekuja Desemba au Januari ningewaambia nendeni. Kwa sasa, mtu ambaye hajawahi kupanda boti ya baharini asianze na siku yake moja.

Mama Kosta, nakuunga mkono wewe. Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, yanatosha asubuhi nzima ukiwa mtu wa kusoma maandishi. Kuna habari za Zinjanthropus, lile fuvu la zamadamu lililogunduliwa Olduvai mwaka 1959, kuna magari ya viongozi, na kuna kumbukumbu ya bomu la ubalozi wa Marekani la Agosti 1998. Hapo huwa natembea polepole, siku ile nilikuwa mjini.

Bwana Foleni

Nimecheka hapo kwa binti yenu. Makumbusho, Mwenge, Coco, "na gari tunalo". Gari ndilo tatizo lenyewe! Nilikuja na Hiace yenye hema juu, nikaegesha mitaa ya Kisutu nikanywe chai dakika ishirini. Narudi, gurudumu limefungwa mnyororo na vijana wawili wananisubiri wakitabasamu. Ukienda Kariakoo ndiyo usiseme, nyaya zimeshuka, mikokoteni imeziba, Kosta itakaa humo mpaka Jumanne. Kituo cha daladala kinachoitwa Makumbusho kimepewa jina la hicho kijiji, kwa hiyo hata dereva wa daladala atakupeleka. Gari liacheni mtakapolala.

Mzee wa Feri

Nimesoma wote. Hamjamuuliza swali la msingi: unalala wapi? Dar ukichagua pa kulala umeshachagua pa kutembea.

Gari la kulala mahali pake ni Kigamboni, ng'ambo ya bandari. Kuna kambi za ufukweni kuanzia Mjimwema kwenda mbele, wageni wenye magari ya safari ndefu wamezizoea miaka mingi: kivuli cha minazi, bafu, mlinzi, upepo wa bahari. Kosta ni bati, mama, ukilala nayo katikati ya mji mtaiva. Msiivushe kwa kivuko. Mkitoka Morogoro Road zungukeni mpite Daraja la Nyerere, lile la 2016, mbaki ng'ambo.

Jumamosi asubuhi bajaji hadi Feri, mnapanda kivuko bila gari, shilingi 200 kila mtu. Mkishuka tu mko mjini! Soko la samaki liko palepale, fikeni mapema mkute mnada, mzee wa Mbamba Bay atasahau Mbudya. Kutoka hapo mnafuata bahari: kanisa la Azania Front lenye paa la vigae vyekundu, mbele kidogo Mtakatifu Yosefu, ujenzi ulianza 1897 ukaisha 1902. Jirani yake kuna Atiman House na Boma la Kale, majumba ya wakati wa Sultani Majid wa Zanzibar, miaka ya 1860, kabla Mjerumani hajafika. Watu wanapita pale kila siku wakidhani ni ofisi tu. Huyo Atiman aliuzwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na mapadri, akaja kuwa daktari kule Karema, Ziwa Tanganyika.

Na hiyo ya binti yenu si mbaya, ila haihitaji Jumamosi. Jumapili mnakwenda Bagamoyo, si ndiyo? Njia yenyewe inapita Mwenge. Acheni habari ya alfajiri. Ondokeni saa tatu, barabara nyeupe, piteni Daraja la Tanzanite mwone bahari kulia, simameni Mwenge, endeleeni.

Mpingo Halisi

Nina maslahi, nasema wazi: nachonga Mwenge. Mzee wa Feri kasema kweli, Jumapili asubuhi hakuna msongamano na Kosta itapata nafasi. Nyongeza moja tu. Usinunue kinyago kwa rangi. Mpingo ni mzito, kishike mkononi. Kikiwa chepesi na kinang'aa sana, hicho ni mti mwingine uliopakwa kiwi ya viatu. Na kama mama anapenda picha za kuchora, wachoraji wa Tingatinga wenyewe wako Oysterbay, Morogoro Stores. Edward Saidi Tingatinga alianza kwa hadibodi na rangi ya mafuta, na wanafunzi wa wanafunzi wake bado wanachora hapo.

kaka_Bunju

Haya, nimeshindwa na upepo. Lakini mwezi wa kumi na mbili nitawakumbusha.

Mama Kosta

Asanteni sana. Mzee wa Feri, shikamoo. Hilo la Mwenge kuwa njiani hatukuliona kabisa, tulikuwa tunaipanga Dar kama duara kumbe kwetu sisi ni mstari. Maswali mawili: je, Sanamu ya Askari ni mbali kwa miguu? Goti la mzee si zuri. Na tule wapi mchana, pasiwe pa bei za watalii?

Mzee wa Feri

Marahaba mwanangu. Si mbali. Kutoka Mtakatifu Yosefu mnakata ndani hadi Samora, pale inapokutana na Azikiwe. Sanamu imesimama tangu 1927, ukumbusho wa askari na wapagazi wa vita ya kwanza, na maandishi yake yapo ya Kiswahili pia, yasomeni. Kabla yake hapo ilisimama sanamu ya Wissmann, gavana wa Kijerumani. Singe ya bunduki ya huyo askari imeelekea bandarini. Goti likigoma, bajaji, msione aibu.

Shangazi Upanga

Chakula: ukimaliza Askari ingia mitaa ya Kisutu. Usitafute bango, fuata watu waliovaa mashati ya ofisini. Jumamosi wanapungua ila wapo. Biriani, bajia, chai ya tangawizi. Halafu teksi hadi Makumbusho ya Taifa, ndani ni baridi, goti litapumzika. Mkibakiwa na nguvu, nyumba aliyokaa Mwalimu Nyerere kabla ya Uhuru iko Magomeni, Mtaa wa Ifunda, unafika kwa mwendokasi. Mimi nisingebana ratiba hivyo, lakini.

Bwana Foleni

Na msirudi Feri saa kumi na mbili jioni. Vukeni kabla au baadaye, saa ile Kigamboni nzima inarudi nyumbani kwa kivuko kimoja.

Mama Kosta

Mrejesho, tuko Bagamoyo.

Tulifanya ya Mzee wa Feri karibu yote. Mnadani mzee alikaa saa moja na nusu akibishana bei ya changu wasiouzwa kwake. Mwisho akanunua pweza, akatembea naye kwenye mfuko kanisani, mlinzi akatuangalia lakini akanyamaza. Boma la Kale nililipenda kuliko makanisa. Milango ile ya nakshi! Sanamu ya Askari ni ndogo kuliko nilivyodhani, na magari yanaizunguka mpaka kusoma maandishi ni kazi, nilisoma nusu. Biriani Kisutu tulipata. Pweza aliachwa kwa mama wa jikoni, akatupikia kwa nazi bila kutudai kitu, tukala wote watatu.

Makumbusho ya Taifa nilikaa peke yangu, mzee alilala kwenye benchi bustanini. Magomeni hatukufika. Tulivuka saa kumi, kivuko kina nafasi.

Leo Mwenge tumenunua kinyago kidogo cha ujamaa, kile cha watu waliobebana, cha mpingo, nimekishika kwanza kama nilivyofundishwa. Kijiji cha Makumbusho tumekiruka, tulichoka. Mihogo ya Coco ndiyo inayoniuma, asubuhi ile tulipita hata moshi hakuna.

Jana jioni kambini maji yalikuwa yamejaa karibu na minazi. Mzee akavua shati, akaingia mpaka kifuani, akalala chali na mikono ameitandaza. Nikamuuliza kutoka ufukweni, vipi? Hakujibu muda mrefu. Kisha akasema, "Yanabeba, bwana. Lete simu upige picha."